Dakika 20 za fisi na mwezi

Juzi binti yangu karudi kutoka maktaba na fomu ya usomaji wa kiangazi, hata viatu hajavua anauliza, "Mama, nikisikiliza hadithi kwenye simu nayo inahesabika?" Nikamwambia inahesabika mwanangu, andika. Yeye akaenda zake kutafuta chakula, mimi nikabaki nimeikamata ile fomu, mawazo yashafika 2019, parking ya kanisa, hapa hapa Lexington, Marekani.

Mwaka ule bado nipo kaunta ya watoto pale maktaba. Bosi wangu akanipa kazi ya kuipeleka hiyo programu ya watoto kusoma wakati wa likizo ya kiangazi kwa familia za Kikongo, maana zilikuwa zinazidi kujaa kwenye zile apatimenti za upande wetu na watoto wao hatuwaoni maktaba. Wengi wametoka Fizi, mashariki mwa Kongo, wakapitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko Kigoma, kuna watoto wamezaliwa kambini Kongo yenyewe hawajawahi kuikanyaga. Na mimi wa Kigoma, sasa hao kama si ndugu zangu ni nani?

Shule za huku zinafunga mwisho wa Mei huko, zinafungua katikati ya Agosti. Mtoto akikaa muda wote huo hajashika kitabu anarudi darasani kapoteza, na anayepoteza zaidi ni yule ambaye kwao hakuna vitabu. Si jambo jipya, wakutubi kina Linda Eastman kule Cleveland walikuwa wanahangaika kuwavuta watoto maktaba tangu miaka ya 1890. Siku hizi maktaba za majimbo mengi zinachangia mada moja, na ya mwaka ule ilikuwa "A Universe of Stories" kwa sababu ilikuwa inatimia miaka 50 tangu Apollo 11 itue mwezini, 20 Julai 1969. Kwa hiyo mabango yote yana mwezi na nyota. Mtoto anasoma dakika 20 kwa siku, anapaka rangi nyota moja, akimaliza anapewa kitabu kiwe chake, harudishi.

Nilichopigania mimi ni vitu viwili vitatu tu. Mtoto asidaiwe kadi ya maktaba ndo aandikishwe. Shughuli ziwekwe saa ya chakula cha mchana, maana kiangazi watoto wanapewa lunchi ya bure kwenye baadhi ya vituo, na mama ambaye yuko shifti ya usiku anaamka mchana ndo awapeleke. Halafu matangazo yasiishie ukutani kwetu. Nikayapeleka duka la sombe na dagaa, dobi ya mashine, saluni. Watu wanayapokea vizuri wanayakunja wanaweka mfukoni, ila haji mtu.

Tatizo ni lile neno bure pamoja na sehemu ya sahihi. Hawa watu hata tiketi ya ndege iliyowaleta Marekani ni mkopo, wakishafika wanatakiwa kuulipa kidogo kidogo kila mwezi. Sasa unakuja na karatasi yenye nembo unamwambia mtu weka jina na anwani, hakuna deni. Ningekuwa mimi ningeamini?

Bas, mchungaji akanipa nafasi kwenye matangazo, ibada ikaisha nikaweka meza nje karibu na magari. Akaja mama mmoja mtoto mgongoni kwenye kitenge, mwingine wa kama miaka saba kamshika mkono. Akaishika fomu, akaigeuza, akaigeuza tena, halafu akanirudishia taratibu kwa mikono miwili.

"Dada, mimi sikusoma. Vita ilinikuta mdogo. Hao watasomewa na nani?"

Sikupata jibu la haraka. Yule wa miaka saba yeye macho yako kwenye bango, akauliza mbona wameweka mwezi. Mama akacheka, akamwambia si ule mwezi aliotaka kuula fisi! Na mtoto akasema sema mama, sema, na yeye pale pale, amesimama juani kwenye lami, akaanza. Fisi ana mfupa mdomoni, kafika mtoni usiku, kaona mwezi majini kadhani ni kipande cha mafuta. Akautupa mfupa, akaanza kunywa maji ili aufikie. Mama akawa anakunywa kweli, mashavu yamejaa, tumbo kalitoa mbele, yule mtoto wa mgongoni anarushwa rushwa anacheka, watoto waliokuwa wanakimbizana kwenye magari wakasogea wakakaa chini, mmoja anadakia maneno kabla hajayafikia maana kwao nayo wanaijua. Hadithi moja ikazaa nyingine. Kuna baba alikuwa na funguo mkononi tayari kuondoka, akazima gari akarudi.

Niliangalia saa, dakika 20 zilishapita zamani. Nikachukua kalamu ya rangi nikampa yule wa miaka saba nikamwambia paka nyota yako ya kwanza. Mama akaniuliza, "Hii ni kusoma?" Nikamwambia kwenye fomu yangu, ndio. Akatulia, akauliza tena kwa sauti ndogo kama ya wakubwa ipo. Ipo mama. Wakubwa nao wanaandikishwa. Akaniambia jina lake, nikaandika, na nyuma yake wakaanza kupanga mstari.

Jumatatu bosi aliniuliza swali la haki kabisa: lengo ni watoto wasisahau kusoma Kiingereza, sasa fisi wa Kiswahili atawasaidiaje Agosti? Nikamwambia mtoto aliyezoea hadithi anajua hadithi inavyokwenda, akikikuta kitabu hakiogopi. Akakubali, na naliamini hilo mpaka leo. Tukakubaliana mama asimulie, na mtoto naye amsomee mama kile kitabu cha picha alichoazima, dakika ziandikwe kwa wote wawili. Julai yote walikuwa wanakuja hivo, mtoto anasoma kwa kidole, mama anamkatiza anauliza hapo wamesemaje, mtoto inabidi atafsiri, anakwama, anarudi nyuma.

Kama Agosti alifanya vizuri darasani sikuambiwa, walihamia jimbo la Iowa kwenye kazi za viwanda vya nyama kabla shule hazijafungua. Kitabu chake cha zawadi alikichukua. Mama naye alimaliza nyota zake, na zawadi ya wakubwa mwaka ule ilikuwa kitabu pia. Alikichagua mwenyewe, kikubwa, hakina picha hata moja.