Siku moja kibandani kwangu Kirumba, na mchicha nafaka ndani ya sufuria

Nina kibanda cha chakula Kirumba, Mwanza, mwendo mfupi kutoka soko la samaki la Mwaloni. Asubuhi nauza uji, mchana ugali na samaki, jioni kashata. Mchicha nafaka umo katika vyote, na hutaona ubao umeandikwa "lishe bora" wala "huongeza damu". Umo tu, kama maharage yalivyomo. Wateja wananiuliza kila mara naupikaje, basi naandika siku yangu ya leo yote, mwenye kutaka achukue.

Kwa asiyeujua: ni mbegu za mchicha, lakini si ule tunaouchuma ukiwa mchanga. Aina za nafaka huachwa zikue miezi mitatu hivi, zitoe vichwa vikubwa vyekundu au vya rangi ya dhahabu, kisha vichwa hukatwa, hukaushwa na kupurwa. Punje ni ndogo mno. Gramu moja ina elfu na zaidi.

Saa 10:00 alfajiri. Nawasha jiko. Punje zimelala kwenye maji tangu jana usiku. Kuloweka kunapunguza dakika za kupika, na kwa bei ya mkaa ya sasa dakika ni pesa. Nazichuja kwa kitambaa, maana chujio la chai la kawaida linazipitisha, nazitia kwenye sufuria na maji mapya: kikombe kimoja cha punje, vitatu vya maji. Zikichemka zinatoa povu, nalitoa kwa upawa, napunguza moto, nafunika nusu. Ni dakika ishirini, ishirini na tano.

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu wanasubiri zilainike kama mchele. Hazilainiki hivyo. Punje ya mchicha ikiiva inang'aa, inakuwa kama inapitisha mwanga, na kile kiini kilichoizunguka kama pete kinaachia upande mmoja, uzi mweupe mwembamba. Ukiuona uzi huo, epua. Mdomoni bado utazisikia zikipasuka-pasuka, na hivyo ndivyo zinavyotakiwa ziwe. Maji yake huwa mazito, ya kuteleza. Ndiyo maana sizipiki peke yake: nakoroga unga wa mtama kwa maji baridi, namimina humo, nasonga mpaka uji ushikane. Mtama unaufunika ule utelezi, na unaiondoa ile harufu ya majani mabichi ambayo mchicha mtupu unayo. Sukari kidogo. Ndimu nakamua mwisho kabisa, sufuria ikiwa chini.

Ndimu si ya ladha tu. Chuma kilicho kwenye nafaka huingia mwilini kwa shida, na vitamini C inakisaidia kuingia. Ukiichemsha sehemu yake inapotea, ndiyo sababu naikamua mwisho.

Saa 12:00 asubuhi. Wabeba mizigo wa Mwaloni ndio wateja wangu wa kwanza. Maboti ya dagaa kutoka visiwani yameshafika, magunia yamepakiwa, mengine yatakula lami mpaka Kongo. "Mwangaluka, mayo! Leo zile chenga zimo?" Wao wanaziita chenga. Zimo. Kikombe kikubwa na mhogo wa kuchemsha, na mtu anaweza kubeba mpaka saa sita.

Tatizo ni chai. Majani ya chai yanafanya kinyume cha ndimu, yanakishika chuma kile kisitumike. Nami chai nauza, na inanilipa. Siwezi kumwambia mtu aliyebeba magunia tangu usiku wa manane asinywe chai. Ninachofanya ni kuchelewesha: uji mezani, birika mbali, na chai anaipata akishakaa na kupiga soga. Nusu yao wamezoea, nusu wananiona namringia mtu birika.

Saa 3:30 asubuhi. Amekuja dada mmoja mjamzito na daftari la kliniki, damu imeshuka, anataka kilo mbili za mchicha nafaka ili aache vile vidonge vinavyomtia kichefuchefu. Nimekataa kumuuzia kwa maneno hayo. Nimemwambia vidonge ameze kama alivyoelekezwa, kichefuchefu akakiseme huko huko kliniki, na mchicha ale kama chakula, pamoja na dagaa. Akacheka, akachukua kilo moja.

Lakini simlaumu. Mjini hapa kuna pakiti za unga wa mchicha, ndogo kama kiganja, zinauzwa kwa bei ya kilo nzima ya mchele mzuri, na karatasi yake inadai unatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na mambo ya ndani ya nyumba. Inaniudhi. Punje hizi zina sifa zake za kweli na zinatosha: gramu 100 kavu zina protini gramu 13 hadi 14 hivi, chuma miligramu 7 na ushee, magnesi na kalsi juu ya hapo. Unga wa mhogo hauna hata gramu 3 za protini kwa kipimo hicho hicho. Sisi wa ukanda wa ziwa tunaokula ugali wa mhogo wiki nzima tungeutazama mchicha kwa hesabu hiyo, na matabibu wakaachiwa kazi yao.

Saa 5:00. Mzee anayeniletea punje amefika kutoka Magu na bajaji. Shikamoo, marahaba, habari za mvua, kisha nachota konzi moja na kuimwaga kwenye sahani nyeupe. Natafuta mambo mawili. La kwanza punje nyeusi: hizo ni za mchicha pori, ngumu, haziivi pamoja na wenzake na bisi hazitoi. Chache si neno. La pili mchanga.

Mwaloni kila mtu anajua tofauti ya dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye chanja, na hakuna anayetoa bei moja kwa wote. Kwenye mchicha watu wanasahau. Ukipura vichwa juu ya ardhi tupu, mchanga unaoingia una ukubwa ule ule wa punje, ungo hauuondoi wala chekeche haliutenganishi. Njia iliyobaki ni maji: mimina punje kwenye bakuli lenye maji mengi, koroga kwa mkono, kisha mwaga maji pamoja na punje kwenye kitambaa wakati bado zinazunguka. Mchanga ni mzito, unabaki chini. Rudia mpaka kidole chako chini ya bakuli kisisikie kitu. Za mzee huyu zinabaki safi safari ya kwanza kwa sababu anapuria kwenye turubai, na ndiyo maana simpigii kelele za bei.

Saa 7:00 mchana. Hapa sina nafasi ya kuandika, ni sahani juu ya sahani. Niseme ugali tu: vipimo vinne vya unga wa mhogo au mahindi, kimoja cha unga wa mchicha. Ukizidisha unanata kwenye mwiko na rangi inafifia, mteja anakuuliza umeupata wapi unga huu. Kwa mahindi kuna faida ya ziada: protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, kijenzi kimoja cha protini, na mchicha unayo kwa wingi, basi kimoja kinaziba pengo la kingine. Juu yake sato wa mchuzi au dagaa wa nyanya. Zimekwisha mapema kuliko kawaida.

Saa 9:30 alasiri. Mashine ya kusaga. Ukimpelekea kijana wa mashine punje za mchicha peke yake, atamimina, na kule chini zitatoka nzima nzima kama zilivyoingia. Punje ni ndogo kuliko matundu ya chekeche la mahindi, zinapita bila hata kuguswa na nyundo, na pesa ya kusaga umeshalipa. Ama awe na chekeche laini, ama uzichanganye na nafaka kubwa kabla ya kumimina. Mimi nachanganya na mtama, nusu kwa nusu, na kuzikaanga kidogo kwanza ili ziwe kavu kabisa. Halafu nasaga mara mbili. Kijana ananinung'unikia, lakini anasaga.

Foleni ilikuwa ndefu, na mama mmoja mbele yangu alikuwa na ndoo ya "unga wa lishe" kwa ajili ya mjukuu: mahindi, mchele, ulezi, soya, ngano, karanga mbichi, vyote humo. Nikamwambia kwa adabu, mama, karanga zitoe. Karanga na mahindi ndivyo vinavyoshikwa sana na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ukishasaga huoni tena ipi imeota ukungu, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Mtoto nafaka moja au mbili zinamtosha kwenye uji, na karanga zichaguliwe moja moja, zikaangwe, zisagwe mbali, zitiwe wakati wa kupika. Alinitazama, akasema mjukuu ni wake. Ni kweli. Lakini karanga alizitoa.

Saa 11:00 jioni. Kazi ninayoipenda. Sufuria zito, kavu, bila mafuta, moto mkali. Tone la maji likirukaruka na kupotea, tayari. Kijiko kimoja cha punje, kisizidi, mfuniko juu, tikisa. Sekunde kumi na kitu zinalia zote pamoja na kugeuka bisi nyeupe, ndogo kama vichwa vya pini. Mwaga upesi kwenye sinia, maana zikibaki zinaungua na uchungu wake unaharibu sinia zima. Punje zilizolowekwa hazifai hapa, wala zile zilizooshwa zikakaushwa kijuujuu.

Kisha sukari na maji kidogo mpaka inavuta uzi, iliki, matone ya ndimu, namimina bisi, natandaza kwa mwiko uliolowa, nakata kabla haijapoa. Watoto wa shule wanamaliza kwanza. Mexico, ambako mchicha huu umelimwa tangu kabla ya Wahispania kufika, wanatengeneza kitu cha namna hii kwa asali na kukiita alegría. Na mama mmoja wa Kihindu wa hapa mjini ananunua punje kwangu kila sikukuu ya Navaratri, kwa sababu wanaofunga wanaacha ngano na mchele ila mchicha wanaula. Kwao ni rajgira. Aliwahi kuonja kashata yangu akasema sukari nyingi. Sijapunguza.

Saa 2:00 usiku. Nyumbani. Unga wa leo nimeuweka kwenye kopo lenye mfuniko, wa wiki mbili tu. Mbegu hizi zina mafuta, na zikishasagwa mafuta yanakutana na hewa, unga unachacha na kunuka. Punje nzima zinakaa miezi mingi kwenye ndoo kavu iliyofungwa, ndiyo maana mzee wa Magu anataka nimchukulie gunia zima kabla hajaliuza kwingine. Mume wangu anasema pesa hiyo irekebishe paa la kibanda kwanza. Tumeafikiana nusu gunia.

Nusu nyingine anaitaka jirani yangu muuza chapati. Amenitumia ujumbe anauliza vipimo. Nimemjibu: robo mchicha, robo tatu ngano, isizidi hapo, kwa sababu mchicha hauna gluteni, ile inayoshikanisha unga, na chapati itakatika mkononi. Unga ulale nusu saa kabla ya kusukuma. Na mwenye mashine amwambie mapema kwamba anakuja na mchicha, abadilishe chekeche.