Kutoka salsa kwenda kizomba ukubwani: shida ni uzito, si hatua

Mtu mzima aliyezoea salsa, dansi ya Kilatini, akianza kizomba, dansi ya Angola ya wawili wanaoshikana karibu, huwa na haraka ya mitindo. Hatua za msingi ni tatu tu, anazishika siku ya kwanza, kisha anashangaa mbona kila dakika anamkanyaga mwenzake.

Tuanze na muziki. Kizomba ilishamiri Luanda, mji mkuu wa Angola, miaka ya 1980, semba, muziki wa Waangola, ilipokutana na zouk ya visiwa vya Karibi vya Guadeloupe na Martinique, ile iliyovumishwa na kundi la Kassav'. Neno lenyewe ni la Kimbundu, lugha ya Kibantu kama hii yetu, na maana yake ni sherehe. Ukisikiliza vizuri utasikia ngoma kali ya juu ikigawanya mipigo minane midogo kwa mafungu ya 3, 3 na 2. Hiyo iache ipite. Wewe fuata besi. Salsa humpumzisha mchezaji kwenye mpigo wa 4 na wa 8, lakini hapa mguu una kazi kila mpigo, ama kukanyaga ama kugusa. Wa salsa wengi hupotea hapohapo.

Msingi wa kwanza ni kuhamisha uzito papo hapo, kushoto, kulia. Unaonekana wa kitoto, na ndio watu wanauruka. Wa pili ni wa pembeni: anayeongoza anakanyaga kushoto, mguu wa kulia unafuata na kugusa sakafu bila kubeba kitu, kisha mguu huohuo wa kulia unarudi kulia. Ukiuegemea ule uliogusa, hata kidogo, mguu utakaokuwa huru ni wa kushoto, nao hauna pa kwenda ila juu ya vidole vya mwenzako. Jipime hivi: simama ghafla katikati ya hatua, uinue mguu usio na kazi. Ukiyumba, uzito ulikuwa umeugawa. Dakika 10 kila siku jikoni, ukiwa na soksi, zinatosha kulirekebisha hilo. Msingi wa tatu ni hatua tatu mbele na tatu nyuma. Huo hausumbui kama wa pembeni umekaa sawa.

Kushikana nako kuna kanuni zake. Mkono wa kulia wa anayeongoza unakaa mgongoni kwa mwenzake, chini kidogo ya bega, kiganja wazi, vidole havibonyezi. Wa kushoto unashika tu. Usiupige kama pampu ya kisima. Ishara hutoka kifuani: ukitaka kwenda mbele, kifua kitangulie kidogo tu kabla ya mguu. Ukisukuma kwa mkono, mwenzako ataegemea nyuma kujilinda, na hapo mawasiliano yamekatika. Anayefuata naye kosa lake kubwa ni kukisia. Akishajua hatua ya pembeni inakuja, anaenda kabla hajapelekwa. Kufumba macho kwa wimbo mmoja humtibu haraka kuliko maelezo ya mwalimu.

Ukaribu haulazimishwi. Anayetaka nafasi zaidi ndiye anayepima, na nafasi ya ngumi moja kati ya vifua haiharibu chochote.

Kiuno usikitikise. (Wa pwani mliokulia na chakacha, hili litawauma.) Magoti yakilegea na uzito ukihama wote, kiuno kitaenda chenyewe, na kitapendeza zaidi kuliko cha kulazimisha. Kudundadunda juu na chini ni mabaki ya dansi nyingine. Jiangalie kwenye kioo, kichwa kibaki usawa mmoja.

Viatu: soli ya mpira inang'ang'ania sakafu, na ukigeuka goti ndilo linalojipinda badala ya kiatu. Tafuta soli ya ngozi. Kisigino cha sentimita 5 kinatosha kwa anayeanza, na kilicho bapa hakina ubaya. Beba taulo na shati la pili, maana umbali ni mdogo na jasho halina siri.