Mkono sikioni usiku kucha
Juzi mwanangu wa miezi 20 hajalala, nikimlaza analia, nikimbeba wima anatulia kidogo, mkono sikioni tu, na mafua anayo siku ya tatu. Kuvuta sikio peke yake sio ushahidi wa maambukizi ya sikio jamani, ndo maana daktari alichungulia na katochi kale ka masikio, akakuta ngoma ya sikio imetuna kwa nje, nyekundu, nyuma yake usaha. Katupa parasetamo kwa uzito wake, antibaiotiki tusubiri masaa 48 hadi 72 kwa vile ni sikio moja tu na homa haijafika 39, hali ikizidi ndo amoksilini. Angekuwa chini ya miezi 6 angeanzishiwa palepale. Na tafadhali msimwagie mtoto mafuta sikioni!