Siku moja maishani mwangu: leo nabadilisha mazabodi ya seva

Saa 1:10 asubuhi

Kabla ya kugusa bisibisi nasoma logi, rekodi ya matukio ya seva. Seva hii yenye prosesa mbili imelalamika kwa siku tatu: makosa ya kumbukumbu yanayorekebishika, yote kutoka tundu moja la RAM, A4. Jana jioni tulihamisha kijiti cha RAM kilichokuwa A4 tukakipeleka tundu jingine, na kijiti kizima tukakileta A4. Kama kosa lingemfuata mhamaji, tungeagiza kijiti kipya na habari ingeishia hapo. Halikumfuata. A4 iliendelea kulalamikia kijiti ambacho miezi yote hakikuwa na doa.

Bado sikukubali kuwa ni mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote vya seva. Kidhibiti cha kumbukumbu siku hizi kimo ndani ya prosesa yenyewe, kwa hiyo prosesa nayo ni mshukiwa. Tukabadilishana nafasi za prosesa zote mbili, tukamulika soketi kwa tochi na lenzi, pini zote zimepangika sawasawa kama nywele zilizochanwa. Kosa likabaki A4. Hapo ndipo nilipoomba mazabodi mpya. Ufa wenyewe huenda uko kwenye lehemu au kwenye njia ya shaba katikati ya tabaka za bodi, mahali ambapo jicho halifiki. Usiku seva ilifanya kazi bila kijiti hicho.

Saa 2:00 asubuhi

Boksi limefika. Nalinganisha namba ya sehemu iliyobandikwa juu yake na ile iliyo kwenye rekodi zetu, herufi kwa herufi, hadi toleo la mwisho. Bodi mbili za seva ya jina moja zinaweza kufanana kama mapacha, kisha moja isikubali kizazi cha prosesa ulizo nazo. Limetoka kwenye gari lenye baridi, hivyo naliacha likae chumbani bila kulifungua. Kitu baridi kikifunuliwa penye joto hufanya umande, na umande na umeme havipatani.

Saa 2:40 asubuhi

Sasa naandika. Kijana ninayemfundisha kazi anadhani kazi ngumu ni ile ya mchana, ya skrubu na kebo. Mimi nasema ngumu ni hii.

Mazabodi ndiyo inayobeba utambulisho wa seva. Namba tambulishi ya mashine imeandikwa kwenye chipu iliyo juu yake. Anwani za MAC, yaani namba za utambulisho, za milango ya mtandao iliyojengwa ndani ni zake, kwa hiyo bodi mpya huja na anwani nyingine, na kila kitu kilichokuwa kikiitambua seva kwa zile za zamani hakitaijua tena: seva ya DHCP iliyoitengea anwani ya IP, swichi iliyofungiwa kwa anwani hiyo, wakati mwingine hata leseni ya programu. Mipangilio ya BIOS, programu ya kwanza kuamka seva inapowashwa, imo humo. Orodha ya vitu vya kuwashia mfumo imo humo. Nywila na anwani ya BMC, kile kikompyuta kidogo kinachotuwezesha kuisimamia seva tukiwa mbali, vimo humo. Navinakili vyote, na toleo la BIOS pia, na kama mfumo unawaka kwa UEFI, njia ya kisasa, au kwa njia ya kizamani.

Kisha kuna TPM, chipu inayotunza funguo za usimbaji. Miaka kadhaa iliyopita nilibadilisha bodi kwa kasi niliyojivunia, nikaikabidhi ile mbovu kwa msafirishaji, nikawasha. Diski zikakataa kufunguka. Ufunguo ulikuwa umefungwa ndani ya TPM iliyolehemewa kwenye bodi ya zamani, na ufunguo wa dharura hakuna aliyejua uliko. Mwenye mashine alitumia siku mbili kurudisha data kutoka kwenye nakala za akiba. Nashukuru nakala zilikuwepo. Tangu siku hiyo siondoi bodi kabla msimamizi wa mfumo hajaniambia kwa kinywa chake kwamba ameushika ufunguo wa dharura na ameujaribu kuusoma. Kwa BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski, ni tarakimu 48. Leo namwomba anisomee sita za mwanzo tu, nijue kweli karatasi iko mbele yake.

Saa 4:15 asubuhi

“Dada, mashine pepe zote zimehamia kwa wenzake. Hiyo sasa ni yako,” msimamizi ananiambia kwa simu. Mashine pepe ni kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva.

Namwomba aizime kupitia mfumo wenyewe, isiwe kwa kukata umeme, ili data iliyo kwenye kadi ya RAID, inayosimamia diski kama kundi moja, ikingojea kuandikwa diskini imalizike. Kisha nawasha taa ya buluu ya utambuzi kupitia BMC. Raki, kabati la kupangia seva, ina nyingi za sura moja, na kuvuta kebo ya jirani ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote. Kijana anasimama mbele ya raki, mimi nyuma. Anasoma lebo kwa sauti, nami nasoma ya kwangu. Zinalingana, taa inawaka pande zote mbili. Tunaendelea.

Kuzima hakutoshi. Pawa saplai huendelea kupeleka umeme wa kusubiri kwenye bodi ili BMC isilale, na ukichomoa kadi hapo unaweza kuunguza vyote viwili. Nachomoa kebo zote mbili za umeme, nabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi na zaidi ili masalio yaishe, kisha nakingoja kijataa cha kijani kilicho pembeni mwa bodi kizime chenyewe.

Saa 4:50 asubuhi

Kuishusha ni kazi ya watu wawili, hata kama mmoja ana nguvu. Seva ya 2U, yaani ya kimo cha nafasi mbili za raki, iliyojaa diski inaweza kupita kilo 25, na reli zikishaiachia uzito wote unakuangukia kwa ghafla. Tunatoa kwanza diski, kila moja na namba ya tundu lake.

Mezani tunavaa mikanda ya mkononi na kuiunganisha na mkeka ulioshikizwa ardhini. Kijana ameniuliza kwa nini nasumbuka wakati hajawahi kupigwa shoti na kompyuta. Nimemweleza hivi: mwili wa binadamu huanza kuhisi umeme tuli unapofika karibu volti 3,000. Kuna chipu zinazoumia kwa chini ya volti 100. Maana yake unaweza kuua kitu na usihisi chochote. Lililo baya zaidi ni kujeruhi bila kuua: bodi inawaka vizuri leo, baada ya miezi mitatu inaanza makosa ya ajabu, na hakuna anayekumbuka nani aliishika. Mkanda una kizuizi cha ohmu milioni moja, ili umeme tuli utoke polepole na pia ili, ukigusa waya wenye umeme kwa bahati mbaya, usipitiwe na mkondo mkubwa.

Saa 5:10 asubuhi

Picha kwanza. Juu, pembeni, karibu ya kila kiunganishi. Halafu vipande vya karatasi ya gundi kwenye kebo: J1, J2, feni, paneli ya mbele. Kifuniko cha plastiki kinachoongoza hewa kinatoka, kisha feni, raiza (bodi ndogo inayoshikilia kadi) na kadi zake, pawa saplai, vijiti vya RAM kimoja kimoja kwenye trei yenye namba za matundu. Lazima kila kijiti kirudi kwake, maana kosa likitokea tena nataka kujua ni la nani.

Hitisinki, vyuma vya kupozea, za prosesa hizi hufungwa kwa skrubu za kichwa cha nyota, T30. Soketi ni LGA 3647, na namba hiyo ndiyo idadi ya viguso vyake. Unalegeza kwa mpangilio 4, 3, 2, 1, na prosesa inatoka imeshikamana na hitisinki yake kama kitu kimoja. Inua wima. Ukiipinda, kona moja inafagia pini, na pini ya soketi ikishapinda hainyooshwi kwa ukucha.

Skrubu za bodi nazihesabu ninapozitoa: kumi na moja. Bodi inaposhikilia, maana yake kuna skrubu umeisahau. Haihitaji nguvu. Leo iligoma, kijana akataka kuisukuma kwa bisibisi, nikamzuia mkono. Ya kumi na mbili ilikuwa imejificha chini ya kebo ya diski. Ilipotoka, bodi iliteleza mbele nusu sentimita, ikaachana na ndoano zake, nikainyanyua kwa mishikio miwili iliyowekwa kwa ajili hiyo.

Saa 7:00 mchana tunapumzika. Mikono iliyochoka haifai kwa soketi.

Saa 7:45 mchana

Kabla ya kuweka bodi mpya nainamisha kasha na kulitikisa. Skrubu moja iliyolala chini ya mazabodi inatosha kuleta shoti. Bodi inaingia kwenye ndoano, inarudi nyuma hadi matundu yalingane. Skrubu zote 12 nazianzisha kwa mkono kwanza, kisha nazikaza kwa kupishanisha kona.

Vifuniko vya soketi vinabaki mahali pake hadi dakika ya mwisho. Nikitoa cha bodi mpya, palepale nakihamishia kwenye ile ya zamani. Bodi ikirudi kwa mtengenezaji ikiwa na pini zilizopinda, inaweza kukataliwa hata kama ubovu wake ulikuwa kwingine kabisa.

Nafuta pesti ya joto ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na pombe ya isopropili, napaka mpya kiasi, nashusha prosesa wima, nakaza 1, 2, 3, 4 kwa bisibisi ya kipimo iliyowekwa niutoni-mita 1.4. Kwa sasa naweka prosesa ya kwanza peke yake na kijiti kimoja cha RAM. Nikiwasha na kila kitu, kisha isiwake, nitaanza kumtafuta mkosaji kati ya wengi.

Saa 9:05 alasiri

Umeme. Feni zinanguruma. Skrini nyeusi.

Dakika moja. Dakika mbili. Kijana ananyoosha kidole kuelekea kitufe. “Dada, imekufa.”

“Iache, mdogo wangu.”

Bodi mpya haijawahi kukutana na RAM hizi. Inapima muda wa ishara kwenye kila njia na kujirekebisha, na kazi hiyo huchukua dakika kadhaa bila kuonyesha kitu. Ukiizima katikati inaanza upya. Dakika ya nne nembo ikatokea. Tukazima, tukachomoa kebo, tukarudisha vilivyobaki, tukangoja tena, safari hii muda mrefu zaidi.

Saa 10:20 jioni

Sasa karatasi ya asubuhi inalipa. Toleo la BIOS ni jipya kuliko la zamani, nalioanisha na la seva wenzake. Narudisha namba tambulishi, anwani ya BMC, saa na tarehe, UEFI. Anwani mpya za MAC namsomea msimamizi azisajili. Kadi ya RAID imehama pamoja na diski zake, kwa hiyo imezitambua bila swali. Ingekuwa kidhibiti kilichojengwa kwenye bodi, huenda ingesema mpangilio ni mgeni, na hapo unachagua kuuingiza, si kuufuta, hata kama maneno hayo mawili yamepangwa jirani kwenye menyu.

Mfumo unaomba ufunguo wa dharura. Msimamizi anausoma, tarakimu sita sita, nami naandika. Diski zinafunguka. Anaufunga upya kwenye TPM mpya.

Saa 12:15 jioni

Bodi mbovu imo kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, vifuniko viwili vya soketi juu yake, karatasi yenye neno A4 imebandikwa nje. Seva iko kwenye raki, taa ya buluu imezimwa. Jaribio la kumbukumbu litakwenda usiku kucha kabla mashine pepe hazijarudi. Hadi sasa limezunguka mara mbili, na safu ya A4 inaonyesha sifuri.