Viazi vilivyokuwa vikiozea ardhini: dawa ilikuwa mwanga

Wenzangu wa milimani, hatimaye shamba langu la viazi mviringo limeota sawasawa. Hapa Kabale, Uganda, mashina yalikuwa yakitokea hapa na pale tu, na ukifukua unakuta mbegu (kile kiazi ulichopanda) imeoza. Niliongeza samadi, nikajaribu kupanda mapema. Wapi!

Kilichosaidia ni kuzitoa mbegu kwenye gunia na kuzitandaza tabaka moja juu ya kichanja, kivulini penye hewa. Gizani machipukizi huwa marefu na meupe, ukiyagusa yanakatika. Kwenye mwanga hafifu (si jua kali, jamani) hutoka mafupi, manene. Mvua za Septemba zilipokolea nikapanda kina cha sentimita 10, machipukizi yakitazama juu. Sasa imebaki kupambana na ukungu wa majani.