Tangu lini?

Leo ni Jumatatu, tarehe 9 Desemba 2024, na bado nalijibu swali nililoulizwa Jumapili ya juzi. Kichwani tu, kwa sababu mwenye swali alishaingia ndani kwake zamani na pengine hata hakumbuki. Nalijibu nikiosha vyombo, nikisubiri taa za barabarani. Jana nimelijibu kwa sauti bafuni, Baba Imani akaniuliza naongea na nani.

Wiki yenyewe imekuwa nzito kwa mema: Rehema kajifungua pacha salama, Baba Imani kathibitishwa kazini, mimi nimemaliza mtihani wa mwisho. Nitayaandika. Kwanza hili.

Mzee wa Bendera, jirani yetu hapa Bloomington, Marekani, mnamjua, yule aliyetukwamua gari kwenye theluji. Asubuhi ya tarehe 1 alikuwa anakusanya majani mbele ya nyumba. Usiku wa kuamkia siku hiyo Indiana, timu ya chuo kikuu cha hapa, walikuwa wamewachapa Purdue 66 kwa 0, kwenye ule mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono. Sijakosea tarakimu. Hawajawahi kuwapiga Purdue namna ile tangu watani hawa waanze kukutana, na ile ndoo ya mti wa mwaloni wanayogombea tangu 1925 imerudi Bloomington baada ya kukaa kwa wenzao miaka mitatu. Nikatoka na taka zangu, furaha imenijaa, nikampigia kelele: "Mzee, tumeshinda!"

Akainua kichwa. Akatabasamu. "Sisi?" akasema. "Tangu lini?"

Nikacheka. Ndilo linaloniuma zaidi, nilicheka ile ha-ha-ha ya mgeni asiyetaka kuonekana hajaelewa utani, nikafunika pipa, nikaingia ndani.

Kosa ni la Kiingereza, nimeamua. Kile "sisi" chao husimama peke yake mbele ya kitenzi, wazi kabisa, mtu akitaka kukinyooshea kidole hapati taabu. Kwetu "tu" imeshonwa ndani ya neno lenyewe. Ukitaka kuishika lazima uchane kitenzi kizima. Ningemwambia kwa Kiswahili asingepata pa kushika.

Majibu niliyokwisha kuyatunga: Tangu nilipoanza kulipa kodi hapa, miaka tisa. Tangu mwanangu alipozaliwa kilomita chache kutoka uwanjani. Tangu mlipokuwa mnafunga barabara zote Jumamosi nashindwa kurudi nyumbani kutoka zamu, na wala hamkuwa mnashinda chochote. Hili la mwisho nalipenda, ila lingekuwa ugomvi.

Jibu la kweli ni baya kuliko yote. Tangu tarehe 19 Oktoba.

Naikumbuka kwa sababu ya msiba uliokuwa humu ndani. Asubuhi ile, kwa saa za huku, Simba ilifungwa na Yanga 1-0, tena goli la kujifunga, tena dakika za mwisho. Baba Imani akazima simu akakaa kama aliyefiwa. Imani, kumchangamsha baba yake, akawasha televisheni: Indiana na Nebraska, mchezo wa saa sita mchana. Sisi wawili hatukuwa tunajua hata kwa nini wanasimama kila baada ya sekunde tano. Imani akatueleza, timu ina majaribio manne kusogeza mpira yadi kumi, ikishindwa inawapa wenzao. Kidogo kidogo tukaanza kuelewa, na kadiri tulivyoelewa ndivyo walivyofunga. Hata Kurtis Rourke, mrusha mpira wao, alipoumia kidole gumba na kutorudi kipindi cha pili, mwenzake aliingia wakaendelea kufunga. 56 kwa 7. Baba Imani akala chakula chake chote.

Kwa hiyo siku ya ndoo nilikuwa shabiki wa wiki sita kamili. Mzee yule alikuwa mtoto wa miaka tisa timu ilipokwenda Rose Bowl, ule mchezo mkubwa wa Mwaka Mpya, kwa msimu wa 1967, ikafungwa na USC, chuo kikuu cha California, 14-3, na tangu hapo amekuwa akingoja. Hakuna timu ya daraja la juu la vyuo iliyokuwa imepoteza michezo mingi katika historia kuliko hii yake. Mwaka jana walishinda mitatu tu kati ya 12. Akaja kocha mpya, Curt Cignetti, akaulizwa atawashawishije wachezaji, akajibu kwamba yeye hushinda, wamtafute Google. Waandishi hawakwenda Google. Wakaitabiria timu nafasi ya 17 kati ya timu 18 za Big Ten, ligi yao. Wameshinda 11 (naandika "wame" kwa hasira, mnaona) na kupoteza mmoja, kwa Ohio State. Kabla ya hapo hawakuwahi kuvuka ushindi wa tisa.

Alhamisi nikiwa kwenye basi ndipo nilipomkumbuka shemeji Hamisi. Mwaka ule Simba ilipokuwa inachukua kila kitu, alikuja nyumbani na jezi mpya, bado ina mikunjo ya dukani, akasema "msimu huu hatushikiki." Nani alimwambia mbele ya watu wote, "Hatu? Shabiki maandazi wewe, nitajie kipa wa kabla ya huyu"? Mimi. Watu wakacheka sana. Naye alicheka. Nimejaribu kukumbuka alicheka vipi, na kwa kweli ilikuwa ile ile ha-ha-ha. Jezi ile sikumwona nayo tena.

Nimempigia. Tumeongea habari za pacha. La jezi sikulitaja, ningeanzia wapi?

Halafu jana. Mchana wametangaza timu 12 zitakazowania ubingwa wa nchi, mara ya kwanza kuwa nyingi hivyo, zamani zilikuwa nne. Imani amepiga magoti sentimita chache kutoka kwenye televisheni. Indiana ya kumi, ugenini kwa Notre Dame, South Bend, Ijumaa tarehe 20. Hazijapita dakika mbili mlango ukagongwa. Mzee wa Bendera, bila koti, kwenye baridi ile, uso mwekundu kama bendera yake.

"Tumepangwa na Notre Dame!" akasema. Akageuka akaenda zake.

Hata sikupata nafasi ya kumuuliza tangu lini. Na sasa nina kazi mpya: "sisi" ile ilikuwa ya nani? Yeye na timu, au yeye na mimi niliyesimama mlangoni na mwiko? Kiingereza hakisemi. Kiswahili nacho, nikikitazama vizuri, hakisemi. Lakini milango iko mingi mtaani kwetu, na aligonga huu.

Tunacheza tarehe 20, basi.

Jingine. Mwalimu wa Imani ameleta barua, anataka apimwe macho. Miezi yote hii anapoketi pua ikigusa kioo cha televisheni nimekuwa nikimwambia babake, mwangalie, mapenzi hayo. Kliniki imetupa nafasi Januari tarehe 14. Nimeomba waiwahishe, wamesema watapiga. Hawajapiga.