Sangara kwa fimbo: namna ya kuchagua fimbo na kukita ndoano ising'oke

Simama juu ya mawe ya Kapri Point, kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, alfajiri yoyote yenye wavuvi wa fimbo utaona jambo moja likijirudia. Chambo kinaguswa, mvuvi anairusha fimbo nyuma ya kichwa kwa nguvu zake zote, sangara anaruka na kutikisa kichwa, kisha mshipi unalegea. Watu wanasema ameng'oka. Mara nyingi samaki huyo hakuwa amenasa hata kidogo. Ncha ya ndoano ilishika juu juu, kile kijino cha nyuma kinachoizuia kurudi hakikuzama, na mtikiso wa kwanza ukaitema.

Sehemu kubwa ya makosa haya inatoka kwenye video za mtandaoni zinazofundisha kuvua besi, samaki wa mito na mabwawa ya Marekani. Mafundisho yenyewe ni mazuri, ila yanamhusu samaki mwingine. Rekodi ya dunia ya besi mwenye mdomo mpana, iliyowekwa Georgia mwaka 1932, ni kilo 10 na kidogo tu. Sangara wa kilo 10 hamshangazi mtu mwaloni Kirumba, na sangara wa rekodi kwa fimbo, aliyetoka Ziwa Nasser kule Misri mwaka 2000, alikuwa na kilo 104. Besi huvuliwa karibu, katikati ya majani, na hapo kumvuta kwa mshtuko mkali kuna faida. Sangara mara nyingi humeza chambo akiwa mita 30 au 40 kutoka ulipo, na kwa umbali huo mshtuko wa mkono hupotea njiani.

Anza na mdomo wake. Siku utakayomwandaa sangara jikoni, mfungue taya na upitishe kidole taratibu. Hutakuta meno marefu ya kukata. Utakuta mikanda ya vijino vidogo sana vilivyosongamana, vinakwaruza kama msasa, na chini yake ni mfupa mtupu. Ndoano ikitua hapo huteleza au husimama bila kuzama. Ukisogea mbele kuna utando mwembamba wa midomo; huo unatoboka upesi na unachanika upesi vilevile. Mahali panaposhika kweli ni pembeni, kwenye kona taya mbili zinapokutana. Fimbo, mshipi, aina ya ndoano na namna unavyovuta, vyote vipimwe kwa swali moja: vinaipeleka ncha kwenye kona ile au haviipeleki?

Kuna jaribio la dakika tano ambalo kila mwenye fimbo angelifanya kabla ya kununua kitu kingine. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, uifunge kwenye mti. Funga mshipi kwenye ndoano ya mizani, rudi nyuma hatua 30, mwenzako asimame akisoma. Kwanza vuta kwa mshtuko kama ulivyozoea, mshipi ukiwa umelegea kidogo. Kisha zungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, mpaka mshipi ukaze, elekeza ncha ya fimbo kwenye mizani, halafu geuka na kiuno ukiifagia fimbo kando. Wengi hushangaa: mshtuko wa kwanza, uliochosha bega, husoma kidogo sana kuliko ule mfagio wa pili. Sababu ni kwamba fimbo ndefu ni wenzo unaomnufaisha samaki. Ncha inasafiri mbali, lakini nguvu inayofika kwenye mshipi ni ndogo, na ulegevu wote uliopo lazima ulipwe kwanza kabla ndoano haijahisi chochote.

Mshipi wenyewe unakula sehemu yake. Nailoni ya kawaida hurefuka, na karibu na kukatika hurefuka kwa zaidi ya asilimia 15. Ukiwa na mita 40 majini, hata mvuto wa wastani unamezwa na mnyumbuko huo. Uzi wa kusuka hauna mnyumbuko wa kutajika, ndiyo maana ninaupendelea kwa kila anayerusha chambo bandia kutoka nchi kavu. Chagua wenye uwezo wa kilo 20 hadi 25, angalau mita 200 kwenye rili. Lakini uzi wa kusuka ukigusa jiwe umekwisha, na Mwanza ni mawe matupu. Kwa hiyo mbele yake unga nailoni nene ya kilo 35 hadi 50, mita moja na nusu hadi mbili. Nailoni hiyo inavumilia mawe, inavumilia ile midomo ya msasa, na inavumilia kingo za mifuniko ya mashavu ya sangara ambazo ni kali kama kisu. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza; nailoni ikikazwa kavu hupata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo.

Sasa fimbo. Mambo mawili yanachanganywa sana dukani: ugumu wa fimbo, na mahali inapopindia. Fimbo mbili zinaweza kuwa na ugumu sawa, moja ikapinda ncha tu na nyingine ikapinda mpaka katikati, na matumizi yake ni tofauti kabisa.

Kwa kurusha kutoka kwenye mawe ya Bwiru, Luchelele au Kapri Point, urefu wa mita 2.4 hadi 2.7 unatosha: unakupa umbali na unauinua mshipi juu ya mawe ya pembeni. Kwenye boti shuka hadi mita 1.8 au 2.1, kwa sababu ndani ya boti urefu ni usumbufu na fimbo fupi inakupa nguvu zaidi dhidi ya samaki aliye chini. Soma maandishi juu ya mpini: yatakuambia uzito wa chambo na nguvu ya mshipi ambavyo fimbo imeundwa kubeba. Kwa sangara tafuta fimbo ya chambo cha gramu 30 hadi 80. Zile nyembamba za gramu 5 hadi 20 ni nzuri kwa sato na samaki wadogo. Kwa sangara ndoano haitazama hata ufanyeje, kwa kuwa fimbo inapinda yote kabla ya nguvu kufika.

Kama unatumia samaki wa mpira mwenye ndoano moja nene, chukua fimbo inayopindia karibu na ncha. Ndoano nene inahitaji msukumo wa haraka ili kijino kizame. Kama unatumia samaki bandia wa plastiki mwenye ndoano za matawi matatu, chukua inayopinda mpaka katikati. Matawi matatu ni membamba, yanaingia kwa urahisi na yanachana nyama kwa urahisi, kwa hiyo fimbo inayokubali kupinda inafyonza mitikiso isitanue tundu. Tofauti hii watu wengi wanaipuuza. Ndiyo inayoamua kama utamwona samaki mkononi au utamwona akiruka tu.

Kuhusu malighafi, faiba ni nzito lakini ni ngumu kuvunjika. Kwa anayeanza, na kwa boti ambamo fimbo hukanyagwa, ni chaguo la busara. Kaboni ni nyepesi na inaleta mguso wote mkononi, ila ikigongwa kwenye jiwe hupata ufa usioonekana na siku ya samaki mkubwa inakatika bila taarifa. Kaboni pia inapitisha umeme. Radi za ziwa hili zinajulikana. Mawingu yakianza kunguruma upande wa Ukerewe, laza fimbo chini na uondoke kwenye mawe.

Ndoano. Namba zinapotosha: zile zenye mkwaju na sifuri, kama 6/0 au 8/0, namba ikikua ndoano inakua. Zile za namba tupu, kama 8, 10 au 12, namba ikikua ndoano inakuwa ndogo. Kwa chambo hai nashauri ndoano ya duara, ile ambayo ncha yake imegeuka kuelekea shina, kati ya 7/0 na 9/0. Chambo kizuri ni kambale mdogo. Wavuvi wa migonzo, ile mishipi mirefu yenye ndoano nyingi, wanampenda kwa sababu anakaa hai muda mrefu kuliko furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Mtoboe kwenye nyama ya mgongo, juu ya uti bila kuugusa, na hakikisha nafasi kati ya ncha na shina imebaki wazi. Nafasi ikijaa nyama ya chambo, ncha haina mahali pa kushika.

Ukali wa ndoano upimwe kwenye ukucha wa kidole gumba. Iweke ncha bila kuikandamiza, ivute pole. Ikikwama na kuacha mstari, ni kali. Ikiteleza, pitisha tupa ndogo mara tatu nne kuelekea nchani, au badilisha. Ndoano mpya kutoka kwenye pakiti nayo ipimwe, maana nyingi za bei ya chini hutoka butu.

Tukija kwenye kukita sasa, njia ni tatu kulingana na ulichofunga.

Ndoano moja na chambo bandia: ukihisi kugongwa, usiirushe fimbo juu. Shusha ncha ielekee kwa samaki, zungusha rili haraka mpaka uhisi uzito wenyewe, si mguso, uzito. Hapo fagia fimbo kando, chini ya usawa wa bega, kiuno kikigeuka, huku mkono wa rili ukiendelea kuzungusha. Kama hukuuhisi uzito, endelea kuzungusha tu. Mara nyingi sangara hurudia. Kufagia kando kuna faida ya pili: samaki akikosa, chambo kimesogea mita moja tu na bado kiko majini mbele yake, hakijaruka hewani.

Ndoano ya duara na chambo hai: hapa mazoea ya mkono ndiyo adui. Sangara humvuta chambo mdomoni kwa kufungua kinywa ghafla, maji yakaingia pamoja nacho, kisha hugeuka aondoke. Ni ule mgeuko unaoiburuta ndoano hadi kwenye kona ya mdomo na kuizungusha iingie. Ukishtua mapema, unaing'oa kinywani kabla haijafika konani. Mwache aondoke na mshipi kwa hesabu ya tatu hadi tano, funga breki ya rili, kisha zungusha taratibu huku ncha ikimwelekea. Fimbo itaanza kupinda yenyewe. Hapo ndipo uinue. Ndoano ya kawaida yenye umbo la herufi J kwa chambo hai mara nyingi humezwa hadi tumboni, na samaki chini ya sentimita 50, ambaye sheria inataka arudishwe, huenda asipone.

Kukokota chambo nyuma ya boti: samaki hujinasa mwenyewe kwa mwendo wa boti. Kosa ni nahodha kuzima injini mara fimbo inapopinda. Mshipi unalegea na matawi matatu yanateleza. Endelea kwa sekunde tano hivi, mshika fimbo ainyanyue kutoka kwenye kishikio akizungusha rili, ndipo injini ipunguzwe.

Breki ipimwe kwa mizani ileile ya mti. Robo ya nguvu ya mshipi inatosha: kwa mshipi wa kilo 20, breki iachie kwenye kilo 5. Ikiwa ngumu zaidi, ule uzi usionyumbuka utachana tundu. Ikiwa laini mno, ukifagia fimbo rili inatoa mshipi na ndoano haizami. Sikiliza: wakati wa kukita rili isitoe sauti, au itoe mlio mfupi sana.

Akipanda kuruka, mshipi unaonekana ukikata maji kwa pembe inayozidi kuinuka. Shusha ncha kando karibu na maji na uendelee kuukaza. Fimbo iliyosimama wima juu ya kichwa humsaidia aruke zaidi, na ndivyo ncha za fimbo zinavyovunjika samaki akifika karibu: mshipi mfupi, fimbo wima, uzito wote kwenye sentimita 30 za mwisho.

Mpokee kwa wavu mkubwa au kwa kushika taya ya chini ukivaa glavu nzito, kamwe si kwa mashavu. Usiingie majini kumfuata. Kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba. Sangara anahitaji hewa nyingi kwenye maji na hufa upesi, hivyo wa kurudishwa atolewe ndoano kwa plaizi akiwa bado majini. Rubondo na Saanane ni hifadhi za taifa, huko kuna vibali vyake. Kwingineko muulize afisa uvuvi kuhusu leseni kabla hujaanza.

Kabla ya kurusha tena, pitisha nusu mita ya mwisho ya nailoni ya mbele katikati ya kucha mbili. Ukihisi mikwaruzo, kata sehemu hiyo yote na ufunge ndoano upya.